Majani Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa katika kijiji chetu, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, wilaya ya Magu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mwangaluka, ndugu zangu.

Mzee mwenyekiti wa kijiji, bwana mifugo wetu, akina mama wa vikundi, vijana mliokaa pale nyuma kwenye kivuli cha mwembe, na nyinyi wazee wangu mliokuja kwa miguu kutoka upande wa mlimani: shikamooni.

Mama mwenyekiti wa kikundi alipokuja nyumbani kuniomba nizungumze, aliniambia, "Mama, waeleze watu matumaini yenu. Waeleze mnataka kufika wapi na ile mifugo na lile shamba." Nikakubali. Usiku usingizi ukanipaa. Matumaini ya familia ni kitu cha ndani, kama hela iliyofungwa kwenye pindo la khanga, na si kila siku mtu analifungua pindo lake mbele ya watu. Leo nitalifungua. Nitawatajia pia hesabu zetu na hasara zetu, kwa sababu nikisimama hapa nikasema natumaini kuwa na ng'ombe kumi mtanipigia makofi, kisha mtarudi nyumbani bila kitu cha kufanyia kazi kesho asubuhi.

Wengi mnanijua. Nilikuwa nauza dagaa Mwaloni Kirumba kwa miaka kumi na moja, na mume wangu ni fundi mwashi. Tulipanga vyumba viwili Nyakato. Kila kilichoingia mdomoni tulikinunua: unga, mchicha, yai, maziwa ya mgando ya kupimiwa kikombe. Siku ambayo mume wangu hakupata kazi na mimi dagaa zimenyeshewa, tulikuwa tunatazamana tu. Mwaka 2021 tukahamia hapa, kwenye ekari tatu alizoziacha marehemu baba mkwe. Mama mkwe alikuwa anaishi peke yake. Tukawa watu saba: mimi na mume wangu, watoto wanne, na mama.

Wiki ya kwanza tulikaa jioni uani, nikachana karatasi ya daftari, nikamwambia kila mmoja aseme anataka nini katika maisha haya mapya. Mtoto wa kwanza akasema kuku wa mayai. Wa pili, mbuzi. Wa tatu akataka miti ya matunda, mipapai na miembe, asiwe anaomba kwa jirani. Wa mwisho, wakati huo ana miaka mitano, akataka ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe usoni. Mume wangu akasema hataki tena kununua unga mwezi wa pili, bei inapopanda. Mimi nikataka kila mtoto apate kikombe cha maziwa asubuhi kabla ya kwenda shule, na kisiwe kikombe cha kugawana.

Mama alikuwa kimya. Tulipomaliza akaniomba nimsomee karatasi, kimoja kimoja, na kila nilipotaja mnyama aliuliza swali lilelile: "Huyu atakula nini mwezi wa nane?"

Hakuna aliyejibu. Nyinyi nyote mnaujua mwezi wa nane hapa kwetu. Masika yamekwisha siku nyingi, vuli bado haijafika, majani yamekuwa ya rangi ya mkeka, na ng'ombe wanatembezwa kutwa nzima kutafuta kitu cha kung'ata. Swali la mama ndilo nililokuja nalo leo, na mengine yote nitakayoyasema yanazunguka hapo. Sisi tulilisikia lakini hatukulitii mara moja.

Tulianza na kuku, na tulianza vibaya. Mwezi wa kumi 2021 tulinunua kuku thelathini kwa siku moja mnadani, kutoka kwa watu tofauti, tukawaleta kwenye matenga na kuwafungulia moja kwa moja kwenye banda. Tulifurahi sana. Watoto waliwapa majina. Siku ya tisa kuku mmoja alikuwa amesinzia pembeni, mbawa zimeshuka, anaharisha kijani. Siku ya kumi wanne walikuwa hivyohivyo. Mwingine shingo ilipinda akawa anazunguka mahali pamoja. Ndani ya wiki moja tulifukia ishirini na sita. Ulikuwa mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Mtoto wangu wa kwanza alilia kwa sababu alikuwa ndiye anayewafungulia asubuhi, akadhani amewakosea kitu.

Mwanangu hakukosea chochote. Tuliokosea ni sisi wazazi, na makosa yetu yalikuwa matatu. Tulichanganya kuku wa nyumba nyingi bila kuwatenga wageni. Hatukuwachanja. Na zaidi ya yote tulinunua wengi kwa siku moja, wakati hatukuwa tumejifunza kutunza hata watano.

Mdondo hauna dawa. Ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza tisa katika kila kumi, na hausubiri kuku mmoja amguse mwingine. Unasafiri kwenye kinyesi, kwenye viatu vya mgeni, kwenye tenga lililotoka mnadani. Chanjo ipo, na iko ya aina ya I-2 inayostahimili joto kuliko zile za zamani, tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inatolewa kwa kuku mzima. Kuku aliyekwisha kuugua haimsaidii kitu, na chanjo ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Sisi sasa tuna tarehe nne za chanjo zimeandikwa ukutani kwa mkaa, na kuku mgeni anakaa wiki mbili peke yake kwenye kibanda cha nyuma kabla hajaonana na wenzake. Hata akiwa zawadi kutoka kwa mjomba, anakaa wiki mbili.

Tulianza upya mwaka 2022 na matetea watano na jogoo mmoja. Watano tu. Nataka akina mama mnisikilize hapa, kwa sababu kuku ndiye mfugo ambao mama anaweza kuanza naye bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kuku wa kienyeji hutamia siku 21. Tukagundua kwamba tetea akiachwa peke yake na utaratibu wake, anataga mayai kumi au kumi na tano, anatamia, analea miezi miwili mitatu, halafu ndipo anataga tena. Mwaka mzima unapata mizunguko mitatu hivi. Basi sasa tunayakusanya mayai yake, tunabakiza moja kwenye kiota ili asihame, na matetea watatu wanapotaka kutamia tunawawekea siku moja. Vifaranga wanatoka pamoja, wanalelewa na mama mmoja au wawili, na wakifika wiki nne tunawatenga. Mama anarudi kutaga mapema. Siku za baridi au mvua tunachelewa kidogo kuwatenga, kwani kifaranga akipata ubaridi hana muda mrefu.

Na watakula nini mwezi wa nane? Hapa kazi yangu ya zamani ilinisaidia. Vumbi na vipande vya dagaa vinavyobaki kwenye magunia pale Mwaloni ni chakula cha kuku, na nilikuwa nikivikanyaga miaka yote. Tunachanganya na pumba za mahindi, kiasi kidogo cha dagaa, kama sehemu moja kati ya kumi, kwa sababu ukizidisha hata yai linanuka samaki. Jambo jingine alitufundisha mama: unachukua chungu kibovu, unakijaza mabua makavu na samadi mbichi, unalowesha, unakiinamisha jioni juu ya tundu la mchwa. Asubuhi unakiinua kimejaa mchwa. Vifaranga wanakimbilia kile chungu kama watoto wanavyokimbilia sahani ya pilau. Hiyo ni protini ya bure, inatoka chini ya miguu yetu.

Leo tuna matetea kumi na tisa. Wapo watu wenye mamia, nawapongeza. Lakini mayai yanaliwa nyumbani kila wiki, na daftari la kikundi linaonyesha ada ya sare za shule ya mwaka huu ilitoka kwenye majogoo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba katika daftari la kuku waandikwe hata waliokufa, na sababu ya kufa.

Mbuzi sitawazungumzia sana. Tunao watano. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, anajitafutia, na shida yake kubwa ni unyevu. Mjengeeni banda la kichanja, sakafu ya fito iliyoinuliwa, mavi na mkojo vidondoke chini, na mtapunguza sana kikohozi na minyoo. Na samadi yake ni rahisi kukusanya kwa koleo.

Sasa ng'ombe.

Mwanangu wa mwisho ana miaka tisa sasa na kila mtu anayefika nyumbani anamwambia kuhusu ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe. Bado hatujamnunua. Wako majirani wanaotuuliza kwa upole, na wengine kwa kejeli, kwamba familia ya Kisukuma inakaaje miaka minne bila ng'ombe zizini. Nitawajibu hapa hadharani.

Mama mkwe wangu amekulia Kwimba. Anasema baba yake alikuwa na ngitili, na hapa wazee mnatabasamu kwa sababu mnaijua. Kwa vijana: ngitili ni eneo la malisho ambalo lilifungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue, hakuna mnyama aliyeingia. Kiangazi kilipokolea ndipo lilifunguliwa, tena kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wagonjwa na kwa maksai wa kulima. Mzee hakuhesabu utajiri wake kwa idadi ya mifugo tu. Alihesabu na majani aliyoyaweka. Baadaye miti ilikatwa, mifugo ikazidi, ngitili nyingi zikapotea, na sehemu za Shinyanga zikawa kama jangwa. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliwarudisha watu kwenye ngitili, familia na vijiji vikafunga maeneo yao tena, na nchi ile ikarudi kijani.  Walikumbushwa ya babu zao.

Sisi tuna ekari tatu, hatuwezi kufunga ngitili ya mzee wa Kwimba. Tunachoweza ni kupanda majani yetu na kuyakata. Basi piga hesabu nami. Ng'ombe chotara wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji kila siku chakula kikavu kama asilimia tatu ya uzito wake, yaani kilo 12. Majani ya mabingobingo mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ili apate zile kilo 12 anahitaji kilo hamsini hadi sitini za majani mabichi. Chukua hamsini. Kwa mwezi ni tani moja na nusu. Nani atabeba tani moja na nusu ya majani kichwani kila mwezi, na kutoka wapi, mwezi wa nane? Atakayebeba ni mimi na mtoto wangu wa pili, ambaye angepaswa kuwa darasani.

Ndiyo maana tulipanda kwanza. Vuli ya 2023 tulitenga nusu ekari kwa mabingobingo, na mipakani tukaweka miti ya lukina na glirisidia, ambazo majani yake yana protini. Tunakata, tunatia samadi ya mbuzi, yanachipua. Nusu ekari peke yake haitamtosha ng'ombe mwaka mzima, nalijua hilo. Kinachopungua tunajazia na mabua ya mahindi, marando ya viazi na majani makavu ya mpunga. Mume wangu alitengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, tunashindilia majani makavu ndani, tunafunga kwa kamba, tunatoa robota. Kiangazi kilichopita tuliweka marobota sitini darini kwa mbuzi, yakabaki ishirini na mbili mvua ziliponyesha. Mama aliyahesabu kwa mkono wake, akasema, "Sasa mnaweza kuanza kuzungumza habari za ng'ombe."

Kwa hiyo tunaweka akiba ya mtamba chotara. Shamba la serikali la Mabuki, kule Misungwi, linazalisha mitamba, na hata kwa wafugaji wengine wapo. Ng'ombe wetu wa asili simdharau. Anavumilia kiu, anavumilia kupe, analima. Lakini maziwa yake ni lita moja, mbili, ukibahatika tatu, na ndama naye anataka haki yake. Kwa ekari tatu siwezi kuwa na kumi wa kunipa lita kumi. Nahitaji mmoja wa kunipa hizo, naye atataka matunzo ya aina yake. Atakunywa maji mengi kuliko pipa lenu la nyumbani linavyodhani, lita hamsini na zaidi siku ya jua. Ataogeshwa dawa ya kupe kila wiki, kwa sababu ndigana kali haimwonei huruma chotara. Leo tezi zimevimba chini ya masikio na homa imepanda, keshokutwa unachimba shimo. Chanjo ya ndigana kali ipo, inachanjwa mara moja pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, na nimeshamwomba bwana mifugo awe tayari. Tuna bahati pia kwamba Mwanza kuna mashudu ya pamba. Ila mashudu hayo yana sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa anaihimili kwa kiasi, lakini ndama mdogo na kuku msiwape.

Wazee wanasema ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Wetu ameanza kunenepeshwa kabla hajaingia nyumbani.

Niseme kuhusu ziwa, maana sisi tunaishi naye kama jirani mkubwa. Maji yapo hapo, tunayaona, na mtu wa mbali anadhani hatuna shida ya maji. Shamba letu linashuka mpaka hatua kama arobaini kutoka ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maana yake kipande cha mwisho cha shamba letu, robo ekari nzima, hatukilimi. Iliniuma. Ndipo tope lilipo jeusi, ndipo nyanya zingestawi. Lakini tulipohamia tuliona visiki vya migomba ndani ya maji, na mama akatueleza kwamba mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza bustani za ufukwe mzima. Wazee wakakumbuka yale ya miaka ya sitini, mwanzoni kabisa, lilipopanda zaidi ya mita mbili. Tukaiacha robo ekari ile iwe matete na miti, inazuia udongo usishuke ziwani, na samaki wadogo wanajificha pale. Nimeuza dagaa miaka kumi na moja. Naelewa samaki anahitaji mahali pa kukulia.

Mifugo yetu haishuki kunywa kwenye madimbwi ya ufukweni. Konokono wa pale wanabeba minyoo ya maini kwa mbuzi na ng'ombe, na kichocho kwa watoto wetu. Tunateka kwa ndoo, mtekaji amevaa mabuti, na maji ya kuogea yanakaa siku mbili kwenye pipa ndipo watoto wayaguse. Ni kazi. Wasichana wangu wanaijua kuliko mimi ninavyoweza kuieleza, na tumaini letu moja, ambalo halikuwa kwenye ile karatasi, ni pampu ya jua na tangi juu ya kichuguu nyuma ya nyumba.

Chakula cha watu sasa. Mume wangu alitaka asinunue unga mwezi wa pili, basi tukapima. Debe la mahindi kwetu linakwisha kwa siku tisa. Mwaka mzima ni madebe arobaini na moja, karibu gunia saba. Ekari moja ya mahindi mwaka wa kwanza ilitupa gunia tano, kwa sababu viwavijeshi vamizi viliingia na tukachelewa kuvitafuta. Gunia mbili zilipungua. Mume wangu akataka tuongeze ekari ya mahindi. Mama akakataa, na hapo nilijifunza kusoma udongo.

Wasukuma wana jina la kila udongo. Juu kwenye mteremko ni luseni, mchanga unaokauka haraka. Chini ni mbuga, udongo mweusi unaoshika maji na kupasuka kiangazi. Mama akasema mahindi kwenye luseni ni kucheza kamari. Luseni ni ya muhogo, karanga na viazi vitamu. Mbuga ni ya mpunga kwenye majaruba, na mpunga ukivunwa, dengu zinaota kwa unyevu uliobaki bila tone la mvua. Basi gunia mbili zilizopungua tulizijaza kwa muhogo, viazi na kidebe cha dengu, na mwezi wa pili ulipita hatujanunua unga. Mume wangu alikwenda ghalani usiku na tochi kuhakikisha. Nilimwona na sikumwambia kitu.

Viazi tulivyoviongeza ni viazi lishe, vya rangi ya chungwa ndani. Kipande cha gramu 125 hivi kinampa mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Akina mama wenye watoto wa kunyonya, pandeni hivyo. Tatizo lake ni marando: kiangazi yanakufa, na mvua inapoanza kila mtu anahangaika kutafuta mbegu. Sisi tunaweka tuta moja mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, linabaki kijani mwaka mzima, na mvua ya kwanza inatukuta na mbegu mkononi. Atakayetaka marando aje, sitauza.

Na michembe! Watoto wa mjini hawakuijua. Mwaka wa kwanza wangu waliiona imeanikwa juu ya majabali wakadhani ni magome ya miti. Jabali linashika joto, viazi vilivyokatwa vinakauka siku tatu au nne, vinawekwa, vinakaa mwaka. Matobolwa vilevile, ila unachemsha kwanza. Mwezi wa nane tunakula michembe iliyopikwa kwa karanga, na mtoto wangu wa tatu, yule wa matunda, hubeba matobolwa kwenye mfuko wa sare badala ya kuomba hela ya andazi. Mipapai yake imezaa. Miembe bado.

Kuna jambo moja nililoacha kwa ajili ya kina baba waliopo. Ekari hizi tatu zilikuwa kwa jina la marehemu, kwa mdomo tu. Mwaka jana tuliomba kijijini hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema majina yaandikwe mawili, lake na langu. Nilishinda siku nzima nikiwa mwepesi. Nimepanda miti ambayo itachukua miaka mitano kuzaa; mwanamke anapandaje mti wa miaka mitano kwenye shamba ambalo shemeji anaweza kumtoa kesho? Baba zangu, kaka zangu, kama mnataka majani yapandwe kabla ya ng'ombe, mpeni anayeyapanda uhakika wa kuyakata.

Karatasi ya daftari bado iko nyuma ya mlango. Kuku tumeweka alama, mbuzi tumeweka alama, unga wa mwezi wa pili tumeweka alama, tena mara mbili. Maziwa bado, na ng'ombe mweusi bado. Mwaka huu marobota ya darini yamefika tisini na tunaendelea.

Bwana mifugo ameniruhusu nitangaze hili. Mnakumbuka kampeni ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa Bariadi mwezi wa sita 2025, na kuku wakawa wamo. Sasa ni zamu ya marudio, na chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Tukichanja kila mtu kivyake nusu inamwagwa. Jumamosi chupa itafunguliwa nyumbani kwetu saa kumi na mbili asubuhi. Msiwafungulie kuku siku hiyo. Waleteni wakiwa bado kwenye matenga, kila nyumba itakaa mbali na nyingine, chini ya ile miembe midogo, na mwanangu wa kwanza ndiye atakayeshika daftari. Wabeja sana.